Kona ya Mjomba Laurenti

Siku tuliyomzika mjomba Laurenti, wenzangu walipewa kazi za maana. Kuna waliochimba kaburi, kuna waliochinja, kuna waliokwenda Ngara mjini kuchukua jeneza. Mimi, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu wawili, nilipewa kazi moja tu: kukaa karibu na mzee Kasiani na kuhakikisha hafungui mdomo. Aliyenipa kazi hiyo ni mjane mwenyewe, Mama Odilia, akiwa amekaa mkekani, macho yamevimba kwa kulia. Alinivuta shati nikainama, nikidhani ananipa neno la mwisho la marehemu. "Akiba," akaninong'oneza, kwa jina ambalo nyumba ile ilinibandika zaidi ya miaka thelathini iliyopita, "yule mzee akiomba kutoa neno, kohoa. Akiendelea, mkanyage mguu. Laurenti hajafukiwa bado. Bado anasikia."

Mtu asiyetujua angedhani Kasiani ana siri ya mpaka wa shamba, au ya mtoto wa nje. Hapana. Kasiani alikuwa anajua matokeo ya mpira. Na tuseme ukweli, sote tulikuwa tunayajua, kijiji kizima cha pale Bugarama, mpaka padri. Aliyekuwa hayajui ni mjomba peke yake, na hakuyajua kwa hiari yake, kwa bidii, kwa jasho, mpaka siku ile tuliyomlaza kwenye jeneza akiwa na jezi yake chini ya koti la kanisani.

Nilifika kwake mwaka ule wakimbizi walipovuka kutoka Burundi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo baba aliyasoma mara moja, akayakunja, akaenda kuangalia ng'ombe. Kwetu Nyarubungo, huko Biharamulo, habari zilikuwa zimefika kwamba Ngara kuna kazi: mashirika yanatafuta makarani, wakalimani, watu wa kuandika majina na kugawa mablanketi. Vijana wenzangu walikimbilia huko. Mimi sikukimbilia, nilisukumwa. Tangu utotoni ni mtu wa nyumbani. Nikiona njia ndefu, magoti huanza kuuma kabla sijaikanyaga. Nilipakiwa kwenye lori na cheti changu ndani ya bahasha, mjomba akapewa salamu kwamba Jumatatu anipeleke kambini kutafuta kazi. Nilimkuta amesimama uani kwake, amembeba mtoto mchanga mgongoni kwa kanga ya mke wake, mchana kweupe, wanaume wenzake wanapita wanacheka, naye anacheka nao. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mpwa wangu. Unajua kupika?" Nikasema najua. "Basi Jumatatu tutaona." Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo.

Nyumba yake ilikuwa timu. Nasema hivyo si kwa mfano. Alikuwa ameipanga kabisa. Mke wake, Mama Odilia, alikuwa Kocha. Odilia, binti wa kwanza, aliyekuwa na kifua cha kuzuia mbuzi wasiingie kwenye maharage, alikuwa Sentahafu. Pacha wawili wa kiume walikuwa Winga wa Kulia na Winga wa Kushoto, na walilala kila mmoja upande wake wa kitanda. Yule mchanga wa mgongoni aliitwa Refa, kwa kuwa akipuliza, wote tunasimama. Nami, nilipokaa siku tatu bila kutoka nje ya uzio, nikatangazwa rasmi wakati wa chakula cha jioni: "Huyu hachezi, lakini yupo. Huyu ni Akiba." Tulikuwa tukila mkekani, ndizi na maharage, na siku yenye nyama mjomba alikuwa na mchezo wake. Alichukua kipande chake, akakiangalia kwa uchungu kama mtu anayeaga, halafu akakitupa kwenye sahani ya mtoto mmojawapo: "Pasi!" Naye mtoto analazimika kumpasia mwingine, kinazunguka mkeka mzima huku Kocha akigomba kwamba chakula si mchezo. Sikuwahi kukiona kipande hicho kikimrudia. Wakati ule nilidhani hana shabaha.

Mpira wenyewe mjomba hakuwahi kuuona kwa macho, ukiondoa ule wa matambara wa pacha wake. Aliujua kwa sikio. Alikuwa na redio yenye betri nne, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, nayo ilikaa juu ya kabati, juu kuliko hata picha ya Bikira Maria, jambo ambalo Kocha alilikemea kila Kwaresima. Timu yake sitaitaja, nisije nikafungiwa kitabu na nusu ya wasomaji. Inatosha kusema ilikuwa moja ya zile mbili kubwa za Dar es Salaam, na ile nyingine, nyumbani mwake, ilikuwa haina jina, iliitwa "wale". Shabiki mkuu wa wale alikuwa Kasiani, jirani wa mgomba kwa mgomba, mtu mwembamba aliyezaliwa bila kupatana na herufi l. Walikuwa wakitukanana tangu wakiwa darasa la pili. "Raurenti, timu yako wanakimbia kama wanatafuta choo!" "Heri wangu wanakimbia, Kasiani; wenu wamekipata, wamekaa!" Kisha wanakaa kwenye gogo moja, mirija miwili, chungu kimoja cha pombe ya ndizi.

Mama Ansila alikuja na wimbi la watu waliovuka mpaka kwa miguu, na wenzake walipochukuliwa kwenda kambini yeye alikataa kupanda lori. Alikuwa amepotezana na binti yake wa miaka saba, Ansila, njiani usiku wa kukimbia. Alishika mkono wa mtoto, watu wakajaa, akajikuta ameshika mkono wa mtoto wa mtu mwingine. Aliyasema hayo mara moja tu, kwa Kirundi, ambacho kwa Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, si lugha ya kigeni, akiwa anachambua maharage pamoja nami. Alisema mtoto akivuka, atavukia hapa hapa walipozoea kuja gulioni, kwa hiyo yeye haondoki. Mjomba akampa kibanda cha nyuma kilichokuwa cha mbuzi, mbuzi wakahamia jikoni, yaani kwangu. Na kila tulipomwita, "Mama Ansila, njoo ule," "Mama Ansila, mwiriwe," yaani habari za jioni, tulikuwa tunamwita pamoja na yule ambaye hayupo. Hapakuwa na namna nyingine ya kumwita.

Siku zile kulikuwa na stesheni moja ya mbali iliyosoma majina ya watu waliopotezana. Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni, kwa robo saa: fulani, wa umri huu, wa kilima kile, yuko mahali fulani, anamtafuta mama yake. Majina yalisomwa machache machache, kila fungu mara mbili. Mama Ansila hakukosa hata Jumamosi moja. Alikuja ameoga, amejifunga kitambaa kisafi, anakaa sakafuni mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa ofisini. Jina lisipotajwa anainuka, anasema asante kwa redio, si kwetu, anarudi kibandani. Mjomba wakati huo anakuwa amempakata Refa na kumziba mdomo kwa kidole, asipulize.

Sasa niseme kosa langu, kwa kuwa wote waliokuwepo wamelisema kwa miaka thelathini na hakuna sababu mimi nibaki nyuma. Betri zilikuwa na maisha mawili. Zikichoka, unazianika juani, zinapata nguvu tena kidogo. Kazi ya kuanika nilipewa mimi, kwa kuwa ni kazi ya kukaa. Wiki ya mechi kubwa ya mwaka, timu yetu na wale, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Nikatumia elimu yangu ya sekondari: joto ni joto. Nikazifukia betri zote nne kwenye majivu ya moto, pembeni ya viazi. Mbili zikavimba na kutapika uji mweusi. Viazi vilitoka vizuri sana.

Mjomba alizitazama zile betri. "Akiba," akasema taratibu, "kambini wanatafuta wapishi?" Madukani hazikuwepo, kila kitu kilichofika siku hizo kilinunuliwa na kupelekwa kambini kabla hakijashushwa. Aliyetuokoa ni Kasiani. Alitoa betri mbili kwenye tochi yake, kwa sharti kwamba atakaa karibu na redio kuliko mtu yeyote, na kwamba kila mtu ajue nusu ya redio ni yake.

Jumamosi hiyo, kuanzia saa tisa, uani kwetu palikuwa na wanaume kama ishirini, gogo limejaa, wengine wamekalia majembe yao. Mechi ilianza saa kumi kamili. Wale walitangulia kufunga, Kasiani akacheza ngoma na kiti. Timu yetu ikasawazisha kabla ya mapumziko, mjomba akamrusha Refa juu, Refa akapuliza, wote tukasimama. Moja kwa moja. Kipindi cha pili kilipoanza sauti ya redio ilikuwa imeanza kwenda na kurudi, wanaume wakaacha hata kutafuna. Mimi nilikuwa jikoni na mbuzi. Hapo ndipo Mama Ansila alipokuja, ameoga, na kitambaa chake kisafi. Akachungulia uani, akaona migongo ishirini. Akakaa kwenye kigoda changu. "Leo redio ina wageni," akasema, na akaanza kumenya ndizi ambazo hakuna aliyemwomba amenye. Nilijua saa ni ngapi. Nilijua pia kwamba mtu mwenye adabu angetoka akaseme. Nikachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Mjomba alikuwa na saa ya mkononi yenye mkanda wa mpira wa baiskeli. Nilimwona kupitia mlango akiitazama. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele: timu yetu imepata kona, dakika ya sabini na tano, mpira unawekwa pale kwenye kibendera. Wanaume wakainuka nusu. Mjomba akauliza, "Mama Ansila yuko wapi?"

"Kona, Laurenti! Nyamaza!" wakafoka wenzake.

"Yuko wapi?"

"Kona ni yenu, wewe mtu! Yenu!" Kasiani akasema.

Akanyoosha mkono, akazungusha stesheni. Kona ile haijapigwa mpaka leo.

Kelele zilizofuata sitaziandika; mama yangu bado yu hai na anasomewa. Kasiani alisimama akashika mfuniko wa nyuma wa redio. "Betri mbiri ni zangu! Zungusha kwa hizo zako!"

"Basi toa zako," mjomba akamwambia. Hakupandisha sauti. "Mimi mkono wangu hautazitoa."

Mama Ansila alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu mkononi, ganda la ndizi linaning'inia. Kasiani akamtazama, akaitazama redio, ambayo sasa ilikuwa inakoroma tu ikitafuta ile stesheni ya mbali. Vidole vyake vilikuwa tayari chini ya mfuniko. Akavitoa. "Nazitaka kesho zikiwa hai," akasema, akageuka, akaanza kukimbia kuelekea dukani kwenye redio nyingine, mteremko wa robo saa kwa mtu mzima, na wale wengine wote nyuma yake, majembe begani. Uani wakabaki mjomba, Kocha, watoto, Mama Ansila na mimi.

Majina yalisomwa. Kilima hiki, kilima kile. Sauti ikafifia, mjomba akaweka sikio, Mama Ansila akapiga magoti upande wa pili, wakawa kama watu wawili wanaosikiliza tumbo la mjamzito. Halafu nikasikia mimi mwenyewe: Ansila, miaka saba, jina la baba, jina la kilima. Anamtafuta mama yake. Yuko... Redio ikafa.

Mjomba hakupoteza muda. Akang'oa betri, mbili akajitia makwapani, mbili akanitupia: "Akiba! Ingia uwanjani! Kwapa!" Nikazibana. Zilikuwa baridi kama vyura. Tulisimama pale, wanaume wawili tumejikumbatia, mjomba akiruka-ruka ili apate joto, nami nikaruka, pacha nao wakaruka kwa kuwa waliona ni zamu ya kuruka, na Kocha akihesabu kwa sauti, hamsini, hamsini na moja, akipiga mwiko kwenye sufuria. Tukazirudisha. Redio ikakohoa, na mtangazaji alikuwa anamalizia kulisoma jina kwa mara ya pili. Yuko kambini upande wa kaskazini, kwa mama mmoja aliyetajwa jina lake na mtaa wake. Kisha ikafa tena, na hapo hata kwapa la askofu lisingeifufua.

Mama Ansila hakupiga kelele. Aliishukuru redio, kama kawaida yake. Kisha akakaa chini pale pale na kumalizia kumenya ile ndizi, mpaka Kocha alipomnyang'anya kisu na kumkumbatia.

Wanaume walirudi machweo. Tuliwasikia wakipanda kilima, na mjomba aliwasikia kabla yetu. Alitupa jembe, akaziba masikio, akaingia katikati ya migomba akiimba wimbo wa Ekaristi kwa sauti ya juu kabisa. Alfajiri ya kesho yake akamweka Mama Ansila nyuma ya baiskeli akaondoka. Alirudi siku ya nne, peke yake, miguu imevimba, anacheka bila kuulizwa. Alisema mtoto alimtazama mama yake kwa muda, kama anayekagua, kisha akamwuliza kwa nini amechelewa.

Jioni hiyo aliniambia mbele ya moto, tukimenya ndizi, kwa nini hataki kujua. Nilikuwa nimeanza, "Mjomba, lakini ile mechi..." akaniwekea ganda mdomoni. "Sikiliza, mpwa wangu. Nikiambiwa tulishinda, nitaumia kwamba sikusikia. Nikiambiwa tulifungwa, nitafurahi kwamba sikusikia. Vyote viwili ni vibaya. Mtu ukishatoa zawadi, huwezi kurudi tena kuifungua uone ndani ulitoa nini." Akamenya nyingine. "Na tena, kona ni kona. Hujui. Inaweza kuingia."

Nami nikiwa mbishi wa jikoni nilidhani atashinda wiki mbili. Alishinda maisha yake yote. Akinunua vitumbua vilivyofungwa kwa gazeti, anamwomba muuzaji ageuze ukurasa. Mwalimu mmoja mgeni aliitumia mechi ile kwenye hesabu ya darasa la nne. Winga wa Kushoto akasimama na kutoka nje ya darasa, akachapwa, baba yake akamnunulia kofia. Padri aliwahi kuanza mahubiri, "Ndugu zangu, mnaikumbuka ile mechi..." na kwaya, bila kiongozi, bila noti, ikaanza kuimba. Harusini kwangu alikuja mgeni mmoja kutoka Mwanza, mtu wa kupenda takwimu. Tulimlisha mfululizo saa nne, maskini, kila akifungua mdomo tunaweka pilau. Na aliyeteseka kuliko wote alikuwa Kasiani. Hebu fikiria kuishi mgomba kwa mgomba na mpinzani wako, miaka thelathini, unajua, na hujamwambia. Walitaniana kwa mechi nyingine zote. Ikifika ile moja, Kasiani anainama kwenye chungu na kunyonya mrija kwa nguvu mpaka unapiga filimbi.

Kwa hiyo siku ya mazishi nilikaa karibu naye, goti kwa goti. Kushoto kwangu alisimama mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuja na wanawe watatu na mama yake mzee, ambaye kitambaa chake kilikuwa kisafi kama zamani. Ansila. Alikuwa ameniuliza mara mbili ni kwa nini watu wote wanamwangalia yule mzee mwembamba.

Padri akamaliza. Watoto wakatia mchanga, Sentahafu akimshikilia mama yake. Ndipo Kasiani akainua mkono. "Naomba neno."

Nikakohoa. Akaendelea kusimama. Nikamkanyaga mguu. "Unanikanyaga, kijana," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, akauchomoa, akasogea mpaka ukingoni. Kwaya ikavuta pumzi, tayari kuimba. Mama Odilia alikuwa amefumba macho.

Kasiani akachota mchanga.

"Raurenti," akasema. "Jirani yangu. Bado ni moja kwa moja. Kona ni yenu." Akaachia mchanga. "Nenda kapige."

Akarudi, akakaa, akafunika uso kwa kofia. Mama Odilia alianza kucheka huku analia, sauti zote mbili kwa pamoja, na kicheko kile kikapita kwa watu kama pasi ya nyama kwenye mkeka, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mpaka wachimba kaburi wakaegemea makoleo.

Ansila peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa hajui mpira. Alinigusa kiwiko, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, "Kaka, na hiyo kona, ikawaje?"

Nikakohoa.